Kupanga Ghorofani Katikati ya Jiji: Vidokezo 11 vya Kukuepusha na Karaha

Kuanzia Kariakoo hadi Kisutu na Upanga, ghorofa za katikati ya Dar es Salaam hazikosi wapangaji. Kazini unakwenda kwa miguu, mwendokasi uko karibu, sokoni unashuka na kurudi kabla maharage hayajaiva. Lakini karaha zake nazo kila mtu anazijua: lifti imekufa, maji hayapandi, chemba inafurika, na mwenye jengo hapokei simu. Wengi huvumilia wakiamini kwamba ndivyo ghorofa za mjini zilivyo. Sivyo hata kidogo. Mpangaji ana nguvu kabla hajatoa hela, na anayo tena pale anapoandika na kuungana na wenzake. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia kuitumia nguvu hiyo.

1. Rudi kuiona nyumba jioni

Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, wakati wapangaji wako kazini na maji yamejaa tenki. Mshukuru, kisha rudi saa moja jioni. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, halafu vuta maji ya choo uone kama yanarudi haraka. Panda kwa lifti, shuka kwa ngazi, uone taa zipi zinawaka. Ukiweza, nenda siku mvua imenyesha. Masika ya Machi hadi Mei huumbua kila paa bovu.

Bafuni, inua macho. Ukikuta dari nzima imefubaa lakini sehemu moja ina rangi mbichi, huenda choo cha ghorofa ya juu kinavuja na wamepaka rangi kuficha doa. Chini ya dirisha, pitisha kiganja ukutani. Rangi ikibaki mkononi kama unga, huenda ukuta unanyonya maji, na nguo zako zitaota ukungu kabatini.

2. Waulize wanaoishi humo

Mlinzi, mama anayeuza vocha mlangoni na mpangaji unayekutana naye kwenye ngazi wanalijua jengo kuliko dalali. Uliza maswali yenye majibu ya wazi: Mara ya mwisho lifti ilipoharibika ilikaa siku ngapi? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Umeme ukikatika, jenereta inaendesha lifti na pampu, au inawasha taa za ngazi tu? Mkiwa na tatizo mnampigia nani, na huwa anakuja? Wakijibu wawili watatu na majibu yao yakafanana, umeshapata ukweli wa jengo.

3. Hakikisha unapanga kwa mwenye haki ya kupangisha

Majengo mengi ya zamani ya katikati ya jiji yana historia ndefu ya umiliki. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine ni ya familia, mengine ya ubia wa watu kadhaa.

Katikati ya mlolongo huo hujitokeza mpangaji anayempangisha mpangaji mwingine. Hilo ndilo la kuogopa, kwa sababu bomba likipasuka aliyechukua hela yako hana mamlaka ya kulitengeneza, na mwenye jengo hakutambui. Omba kuona hati ya umiliki, au barua inayompa msimamizi mamlaka ya kupangisha. Jina lililo kwenye karatasi hiyo ndilo liwe kwenye mkataba na kwenye risiti.

4. Mkataba utaje matengenezo, usiishie kwenye kodi

Mikataba mingi huorodhesha wajibu wa mpangaji tu: usipige kelele, usifuge, usichelewe kulipa. Wajibu wa mwenye jengo haupo. Sheria inao. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinasema kwamba pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, mpangishaji anatakiwa kutunza katika hali nzuri paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji, na sehemu na mitambo inayotumiwa na wote pamoja na njia zake. Kwa lugha ya kila siku, ngazi, korido, paa na chemba ni juu yake. Lifti na pampu ya maji nazo ni mitambo ya wote.

Liingize hilo kwenye mkataba na uliwekee muda: pampu ya maji itengenezwe ndani ya siku mbili, lifti ndani ya wiki. Kama kuna ada ya huduma, iandikwe inalipia nini hasa: ulinzi, usafi, mafuta ya jenereta, au vyote.

5. Punguza miezi unayolipa mbele

Kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kumezoeleka, na ndiko kunakommaliza mpangaji nguvu. Hela ikishatoka yote, haraka ya kutengeneza lifti inapungua. Omba miezi mitatu mitatu. Akikataa, mwambie atengeneze kwanza kilichoharibika, kisha ndipo ulipe. Ahadi ya "ukiingia tu tunashughulikia" iandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, piga picha kila chumba, kila bomba na kila ufa, umtumie siku hiyohiyo. Picha hizo zitakulinda siku ya kuhama, atakapotaka kukukata dhamana kwa ubovu uliokuwepo kabla yako.

6. Elewa maji yanavyokufikia

Maji ya bomba la mtaani kwa kawaida hayana msukumo wa kufika ghorofa za juu. Huingia kwenye tenki la chini, pampu inayasukuma hadi tenki la juu ya paa, na kutoka pale yanashuka kwako kwa uzito wake. Ndiyo maana umeme ukikatika maji nayo hukatika baada ya saa chache, tenki la juu likiisha. Ndiyo maana pia anayekaa chini kidogo ya paa hulalamika kwamba bomba la kuogea linadondosha tu: kila mita 10 za kushuka huongeza takriban baa moja ya msukumo, na yeye hana hata mita 3 kati yake na tenki. Ghorofa za katikati hupata msukumo mzuri zaidi kuliko za juu kabisa.

Hata jengo zuri hukosa maji siku moja moja, kwa hiyo weka akiba ndani, kwenye mapipa yenye vifuniko. Usitegemee kubeba: ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kuipandisha hadi ghorofa ya saba kila siku ni adhabu. Mwisho, uliza matenki yaliyosafishwa lini. Wapangaji mkubaliane na msimamizi yasafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, vifuniko vyake vifunge vizuri, na maji ya kunywa endeleeni kuyachemsha.

7. Chagua ghorofa unayoweza kuipanda kwa miguu

Chukulia kwamba lifti itakufa, kisha jiulize kama utaweza kuishi humo. Mama mjamzito, mzee mwenye magoti mabovu na mwenye mtoto mchanga wasishawishiwe na mandhari ya bahari kutoka ghorofa ya kumi. Tangazo la "Lifti ni mbovu, samahani kwa usumbufu" likiwa limeshageuka rangi ya chai ukutani, limekwisha kukujibu.

Ukikwama ndani ya lifti, tulia. Breki za lifti zimeundwa zishike zenyewe umeme unapokatika, na hewa inaingia. Bonyeza kengele, piga simu kwa msimamizi na usubiri. Usiifungue milango kwa nguvu wala kujaribu kuruka nje lifti ikiwa imesimama kati ya ghorofa mbili, maana huko ndiko watu wanakoumia.

8. Dai Luku yako mwenyewe

Mita moja ya umeme kwa familia tatu ni ugomvi wa kila wiki: nani ana friji kubwa, nani anapiga pasi usiku, nani hakuchangia. Kama nyumba haina Luku yake, liwe sharti kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa Luku, ilhali anayedaiwa kodi hiyo kisheria ni mwenye jengo. Kubalianeni mapema jinsi atakavyokufidia kwenye pango. Soketi ikinuka kuungua au kupata joto, acha kuitumia na umwite fundi umeme.

9. Panga njia ya kutokea moto ukiwaka

Siku ya kwanza, hesabu milango kati ya kwako na ngazi, ili uweze kuifikia gizani au kwenye moshi. Angalia kama ngazi zimejazwa maboksi ya bidhaa, jambo la kawaida kwenye majengo yenye maduka na stoo. Geti la chuma linalofungwa usiku liwe na ufunguo unaopatikana, na kila mpangaji ajue ulipo. Moto ukitokea, tumia ngazi, usiingie kwenye lifti, na piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini sakafuni. Ukiinusa, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote.

10. Usipuuze nyufa

Ufa mwembamba kwenye plasta si wa kukukosesha usingizi. Ufa unaopita mshazari kwenye nguzo au boriti, unaopanuka mwezi hadi mwezi, ni jambo jingine. Miji ya pwani ina adui wa ziada: chumvi ya bahari hushika nondo, kutu inavimba ndani ya zege, na zege linabanduka vipande vipande. Ukiona nondo za kahawia zikichungulia chini ya baraza, ripoti kwa maandishi na uombe mhandisi wa halmashauri aje kukagua.

Jiji hili limeshalipa gharama. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo lenye maduka liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya 25. Anayeuliza kuhusu ufa anafanya wajibu wake kwa jengo zima.

11. Lalamikeni kwa pamoja, kwa maandishi

Mpangaji mmoja akipiga simu, ataambiwa fundi yuko njiani. Ghorofa nzima ikiandika barua moja, hali inabadilika. Anzisheni kundi la WhatsApp la wapangaji, chagueni wasemaji wawili, na barua yenu iwe fupi: tatizo ni nini, lilianza tarehe ngapi, linamuathiri nani, mnataka litengenezwe lini. Ambatanisheni picha na majina yenye sahihi. Nakala moja muipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, na mwombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Muda ukipita kimya, nendeni Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo lenye kusikiliza shauri. Msiache kulipa kodi kiholela kwa hasira, kwa sababu hapo mtampa mwenye jengo sababu ya kuwatoa. Endeleeni kulipa, tunzeni risiti, na deni libaki upande wake.

Na kama baada ya barua, vikao na usuluhishi jengo bado ni lilelile, panga kuhama mkataba unapoisha. Toa notisi kwa maandishi, dai dhamana yako ukiwa na picha za siku ya kwanza mkononi, na mwambie ukweli mpangaji mpya atakayekuuliza kwenye ngazi. Mwenye jengo anayejua kwamba wapangaji wanaulizana atatengeneza lifti kabla ya kutafuta dalali.