Hesabu za Visehemu: Ni Sehemu ya Nini?



Vikundi vyetu vingi hugawana mavuno na pesa kwa visehemu: nusu huku, robo kule. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Ni vile kila mtu amepiga hesabu kivyake. Leo tujifunze hesabu hizi pamoja. Zitatufaa hata kuwasaidia watoto, maana zikiandikwa kwa maneno huwasumbua sana shuleni.

Tuchukue mfano huu:

Akina mama 12 wamevuna magunia 24 ya mahindi, kila gunia kilo 90. Theluthi moja itauzwa ili kulipa deni la mbolea. Robo ya yatakayobaki itawekwa akiba. Mengine watagawana sawasawa. Kila mama atapata kiasi gani?

Hatua ya 1: Soma mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu.

Hatua ya 2: Kila ukikuta kisehemu, jiulize, "Ni sehemu ya nini?" Hapa theluthi ni ya mahindi yote. Lakini robo ni ya yale yaliyobaki tu.

Hatua ya 3: Chora. Piga mstari mrefu, uugawe mara tatu sawasawa. Kila kipande ni magunia 8. Kipande kimoja kinalipa deni, yanabaki magunia 16. Sasa hayo 16 yagawe mara nne: robo ni magunia 4. Hiyo ni akiba. Yanabaki 12, basi kila mama anapata gunia moja.

Hatua ya 4: Hakikisha. Deni 8, akiba 4, kugawana 12. Jumla ni 24. Sawa.

Je, mweka hazina akichukua robo ya mahindi yote? Atatoa magunia 6, yabaki 10. Ukigawa kilo 900 kwa watu 12, kila mmoja anapata kilo 75. Kila mama amepungukiwa na kilo 15 kwa sababu ya neno moja lililosomwa haraka!

Kuna hesabu nyingine za kuanzia mwisho. Kwa mfano: Mama alitumia nusu ya pesa zake kulipa karo, na theluthi ya zilizobaki kununua chakula. Sasa ana shilingi 600. Alikuwa na ngapi?

Hapa turudi nyuma. Alipotoa theluthi moja, zilibaki theluthi mbili, nazo ndizo shilingi 600. Kwa hiyo theluthi moja ni 300, na kabla ya kununua chakula alikuwa na 900. Hiyo 900 ni nusu. Basi mwanzoni alikuwa na shilingi 1,800.

Sasa jaribuni hii kwenye mkutano wa kikundi, kila mtu na karatasi yake: Kikundi kina shilingi 36,000. Robo inalipia mbegu. Theluthi ya zilizobaki inawekwa benki. Zinazosalia wanagawana watu 9. Kila mtu anapata ngapi?

Mkiisha kukubaliana, andikeni kila hatua kwenye kitabu cha kikundi, si jibu peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

(Jibu: shilingi 2,000.)