Muulizeni Mjomba: Rangi, Umbali na Macho ya Watoto Wetu

Msimu wa nyanya Ilula, nyumba nzima hukaa chini kupanga matenga: mbivu huku, zilizoanza tu kubadilika rangi kule, maana hizo ndizo zitakazostahimili safari ya Dar es Salaam. Chukua mfano wa kijana wa miaka 13 anayekosea kila siku. Anatupia mbichi kwenye mbivu, anafokewa, anaitwa mvivu. Dada yake hakosei hata moja, lakini shuleni hunakili kwenye daftari la jirani, kwa sababu ubao anauona kama uko ndani ya ukungu wa Mufindi. Jirani anashauri: wapelekeni wote wakapewe miwani.

Kupelekwa, sawa. Miwani itamfaa mmoja tu.

Dada haoni mbali. Jicho lake limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo taswira hutua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Lenzi zenye namba ya kutoa huirudisha taswira mahali pake. Tatizo hili halichagui mvulana wala msichana. Kucheza nje mchana, kwenye mwanga wa jua, husaidia kulichelewesha kwa watoto.

Ya kaka ni mengine kabisa. Kwenye retina kuna chembe za kutambua rangi, ziitwazo koni, na ziko za aina 3. Maelekezo ya kuunda koni za nyekundu na za kijani yamo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa na hitilafu, nyingine humsitiri. Mwanamume ana moja tu, aliyopewa na mama yake, na ikiharibika hana akiba. Ndiyo maana kwa watu wenye asili ya Ulaya wanaume wapatao 8 katika 100 huchanganya nyekundu na kijani, na wanawake hawafiki hata 1. Kwetu Afrika wanaume wa namna hiyo ni wachache zaidi, ila bado wanawazidi wanawake kwa mbali.

Basi kabla ya kumfokea kijana, muulizeni mjomba wake, au babu mzaa mama. Huenda naye amekuwa akimwomba mkewe amchagulie shati miaka yote bila kusema kwa nini. Mama asilaumiwe, hakuna aliyechagua cha kurithisha, na uchawi haumo. Baba mwenye hali hii hampi mwanawe wa kiume. Huwapa mabinti zake wote, ambao kwa kawaida huona rangi vizuri, nao wanaweza kuipeleka kwa wajukuu.

Kwa hiyo mwanamume na mwanamke wasioona mbali wakitofautiana katika rangi, mara nyingi sababu ni urithi huo. Mvulana anaweza kuwa na matatizo yote mawili: miwani ikasafisha ubao, nyanya zikabaki vilevile.

Kliniki ya macho wanaweza kukuonyesha herufi nyeusi, nusu juu ya nyekundu na nusu juu ya kijani, wakakuuliza zipi zinasomeka vizuri zaidi. Hapo hupimwi rangi. Mwanga mwekundu hutua nyuma zaidi ya wa kijani, kwa hiyo asiyeona mbali huzisoma vizuri zaidi zile za upande mwekundu, na mpimaji hujua lenzi bado haijatosha. Rangi hupimwa kwa kitabu cha Ishihara, daktari wa Japani aliyekitoa mwaka 1917: kurasa za nukta zenye namba iliyojificha. Mtoto asiyejua namba hufuatisha njia kwa kidole. Mwenye miwani aivae wakati wa kupimwa.

Hali ya kuzaliwa haina dawa, lakini ina maarifa. Kijana aibonyeze nyanya aone ulaini wake. Kwenye taa za barabarani ajue nyekundu iko juu na kijani chini. Anayeota kuendesha treni ya TAZARA apimwe mapema, kwa sababu ishara za reli ni za rangi.

Rangi zikibadilika ukubwani, usiseme ni mjomba. Mtoto wa jicho huzififisha polepole. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia ethambutol akiona nyekundu imepauka, au macho yamepungua nguvu, arudi kliniki siku hiyohiyo. Asiache dawa kimyakimya, na asiendelee nayo kimyakimya. Na asiyeona mbali, hasa mwenye lenzi nzito, akiona vimulimuli, vidoa vingi vyeusi vya ghafla au pazia linaloshuka upande mmoja, huenda retina inabanduka. Awe Mbeya au Iringa, afikishwe siku hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho.