Ukienda kwenye mkutano wa misitu, nenda na aya moja

Ikikaribia Machi simu yangu huanza kupokea ujumbe wa namna moja. "Shikamoo kaka. Nimeona tangazo la nafasi za UNFF. Naanzia wapi?" Wengi ni wanafunzi wa misitu wa SUA, wachache wa chuo cha Olmotonyi, mara mojamoja wa Eldoret, Kenya. Huwajibu kwa sauti ya WhatsApp nikiwa kwenye daladala, na najua nusu ya ninayosema humezwa na honi. Basi haya hapa, kwa maandishi.

Kwanza ujue unakokwenda. Jukwaa la Umoja wa Mataifa kuhusu Misitu, yaani UNFF, liliundwa mwaka 2000 na hukutana New York, mara nyingi Mei. Kamati ya Misitu ya FAO, COFO, hukaa Roma kila baada ya miaka 2. Kongamano la Misitu Duniani huhamahama: lilikuwa Durban 2015, likaenda Seoul 2022. Halafu zipo COP za tabianchi na za bioanuwai, ambako msitu ni ajenda moja ndani ya lundo na watu ni maelfu kwa maelfu. Kwa anayeanza mimi hupendekeza UNFF. Ukumbi ni mdogo, mada ni misitu mwanzo mwisho, na vijana wana kiti chao.

Kiti hicho kina asili yake. Kwenye mkutano wa mazingira na maendeleo wa Rio, mwaka 1992, mataifa yalikubali kwamba maendeleo hayawezi kuachiwa serikali peke yake, yakataja makundi makuu 9 ya jamii yanayostahili kusikilizwa: wanawake, wakulima, watu wa asili, wanasayansi na wengineo. Watoto na vijana ni kundi mojawapo, na ndani ya UNFF anayeliratibu ni IFSA, chama cha kimataifa cha wanafunzi wa misitu, kilichoanzishwa 1990 na chenye ofisi yake Freiburg, Ujerumani. Kwa hiyo si lazima uwe mtoto wa mkubwa fulani. Kinachotakiwa ni tawi lililo hai chuoni kwenu na mtu wa kufuatilia matangazo. Nimewahi kuona tawi likikosa nafasi kwa sababu tangazo lilikwenda kwenye barua pepe ya katibu aliyehitimu zamani na sasa anauza vifaa vya ujenzi.

Kwenye barua ya maombi usiandike kwamba umeipenda miti tangu utotoni. Wote wameandika hivyo. Taja msitu unaoujua kwa miguu yako na useme ni aya ipi ya rasimu unataka kuishughulikia.

Neno "aya" nitalirudia sana, kwa sababu kazi yote iko hapo. Kundi la vijana lina haki ya kuingia, kusikiliza na kuomba kuzungumza. Halipigi kura, na maneno yake hayaingii kwenye azimio mpaka nchi mwanachama iyachukue na kuyasema kama yake. Wanafunzi wengi hawalijui hili mpaka wafike. Wanatumia wiki kadhaa kuandika hotuba kali ya kurasa 3, wanaisoma mbele ya viti vilivyobaki vitupu kwa chakula cha mchana, wanapigiwa makofi, wanapiga selfi chini ya bendera. Azimio linapita bila hata nukta yao. Aliyekuja na aya moja fupi, na nchi moja iliyokubali kuisoma, amewazidi wote.

Aya hiyo unaipata kwa kusoma rasimu na msitu kwa pamoja. Nyaraka za kikao huwekwa kwenye tovuti ya UNFF kabla. Nyuma yake usome Mpango Mkakati wa Misitu wa Umoja wa Mataifa wa 2017 hadi 2030: malengo 6, shabaha 26, si andiko refu. Shabaha ya kwanza kabisa inataka eneo la misitu duniani liongezeke kwa asilimia 3 ifikapo 2030. Hapo simama. Kwa vipimo vya FAO, msitu ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayoweza kufika urefu wa zaidi ya mita 5, na majani yake yakifunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo. Kwa kipimo hicho misindano ya Sao Hill iliyopangwa mistari ni msitu, na msitu wa mawingu wa Uluguru ni msitu, hekta kwa hekta. Wewe uliyekwenda mafunzo kwa vitendo Mafinga ukapima vipenyo, kisha ukapanda Uluguru ukahesabu aina za miti mpaka ukachoka, unajua hekta hizo hazilingani kwa maji, kwa ndege wala kwa mwanakijiji anayeokota kuni. Tathmini ya FAO ya 2020 inasema Afrika ilipoteza takriban hekta milioni 3.9 za misitu kila mwaka kati ya 2010 na 2020, ukishatoa iliyoongezeka, zaidi ya bara jingine lolote. Swali la mwanafunzi wa kwetu si kama tupande. Ni je, tukipanda huku na kupoteza miombo kule, hesabu itaonyesha nini?

Au chukua umiliki, ambako Tanzania ina la kusema kuliko nchi nyingi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza hifadhi yake ya msitu, kuisimamia kwa sheria ndogo zake na kubaki na mapato. Kule Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji yenye mpingo, mti uleule unaotumika kutengenezea zumari na klarineti za Ulaya, ilipata cheti cha FSC cha usimamizi wa misitu. Mjumbe wa nchi nyingine anapozungumzia "ushirikishwaji wa jamii" kwa jumla, wewe una kamati ya maliasili ya kijiji, daftari la faini, mhuri wa nyundo kwenye gogo, na zahanati au darasa lililojengwa kwa fedha za magogo. Uliza vizuri ukiwa huko vijijini, uandike, upate ruhusa ya kuyasimulia. Mambo hayo hayapatikani kwenye intaneti, na ndiyo pekee uliyo nayo ambayo balozi hana.

Kisha yabane yote hayo yawe sentensi ambayo ofisa wa wizara anaweza kuisoma hadharani bila kupigiwa simu kutoka Dodoma. Hapa pana ufundi. Maazimio yana ngazi zake: juu kabisa mkutano huamua, chini yake huomba, huhimiza, hualika, na chini kabisa huzingatia tu. Vijana wanapenda kuanzia juu. Nchi zikisikia "unaamua" juu ya jambo linalogusa ardhi au fedha, hunyanyua vibao vyao mara moja kupinga. Mimi huanzia katikati, kwa kuhimiza au kualika, kisha naweka nguvu kwenye kitu kinachoombwa: "zitoe taarifa ya misitu ya asili na ya kupandwa kwa kutenganisha" inauma kuliko wito wa jumla wa kulinda misitu yote ya dunia.

Nauli na viza nitavipita haraka, kwa sababu havina siri. IFSA mara nyingine husaidia sehemu ya gharama. Iliyobaki utaandika barua kwa kitivo, kwa miradi inayofanya kazi wilayani ulikofanyia utafiti, na kwa jamaa. Usitegemee bumu. Barua ya mwaliko iombe siku unayothibitishwa, maana tarehe ya usaili ubalozini inaweza kuwa mbali kuliko mkutano wenyewe. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe na achana na mjuzi wa kijiweni. New York chakula cha karibu na ukumbi ni ghali. Tafuta malazi ya kushirikiana na wajumbe wenzako yenye jiko, ununue mchele.

Jambo kubwa zaidi kuliko viza ni safari ya Dodoma. Wiki chache kabla ya kuondoka, nenda Wizara ya Maliasili na Utalii, Idara ya Misitu na Nyuki, uulize nani anakwenda. Usiende na suti na wasifu wa kurasa 4. Nenda na shikamoo na karatasi moja. Mwambie mzee au mama huyo kwamba utakuwa ukumbini na kundi la vijana, kwamba unaweza kuandika kumbukumbu za mijadala, na kwamba una hoja moja ungependa aitazame. Akikuambia hoja hiyo haifai, msikilize sababu yake mpaka mwisho, maana sababu hiyohiyo utaisikia New York kutoka kwa nchi nyingine 20.

Nguvu ya ahadi hiyo ya kumbukumbu inatokana na uchache wa watu. Nchi tajiri huleta wajumbe wa kutosha kila chumba. Nchi nyingi za Afrika huleta mmoja au wawili, pengine na ofisa wa ubalozini ambaye asubuhi hiyohiyo ana mkutano wa bajeti au wa wakimbizi. Vyumba viwili vikikaa kwa wakati mmoja, kimoja kinabaki bila Mtanzania. Ukikaa wewe ndani ukaandika nani alipinga nini, kwenye aya namba ngapi, na jioni ukamfikishia mjumbe ukurasa mmoja safi, kesho yake atakutafuta yeye. Andika namba za aya na majina ya nchi, acha maoni yako. Kwa njia hii nilianza kualikwa kusimama nyuma kwenye kikao cha asubuhi cha Kundi la Afrika, ambako nchi hupatanisha misimamo kabla ya ukumbi kufunguliwa. Ukibahatika kufika hapo, simu ikae mfukoni. Kijana mmoja akirusha picha ya kikao kile mtandaoni, mlango unafungwa kwa wote watakaomfuata.

Ukumbini penyewe utakutana na mabano. Maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa ndani ya mabano, na kadiri siku zinavyokwenda rasimu hujaa mabano mpaka haisomeki, kisha usiku wa mwisho huanza kuondolewa moja baada ya jingine. Usikate tamaa Jumanne. Mashauriano yasiyo rasmi ndiyo jikoni, na huko mwenyekiti huweza kuwaacha waangalizi wakae au kuwaomba watoke. Ukitolewa, usiende hotelini. Pale makao makuu kuna mkahawa wa chini unaoitwa Vienna Café, karibu na vyumba vya mikutano, na sehemu kubwa ya mabano huondolewa juu ya vikombe vyake. Kaa hapo na aya yako iliyochapwa kwa herufi kubwa.

Hotuba ya vijana nayo isidharauliwe, ila iandaliwe kwa hali halisi. Makundi makuu huitwa baada ya serikali na mashirika, muda ukiwa umekwisha. Kuwa na matoleo matatu: la dakika 3, la dakika 2, na la dakika 1 lenye aya yako tu. Yatume kwa sekretarieti mapema yawafikie wakalimani. Lugha rasmi ni 6, Kiswahili hakimo, na mkalimani anayekusikia kwa mara ya kwanza ukikimbiza Kiingereza chenye majina ya vijiji vya Kilwa atakuangusha bila kukusudia. Soma polepole. Kila jioni pitia pia Earth Negotiations Bulletin, taarifa huru ya majadiliano. Wajumbe wenyewe huisoma kujua kilichotokea chumba cha pili.

Kuhusu mikutano ya pembeni, ile ya mchana yenye paneli na vitafunwa: chagua mmoja au miwili. Vitafunwa ni vizuri, nakubali, lakini saa ya vitafunwa ndiyo saa ya kumpata mjumbe wa Ghana akiwa hana haraka.

Roma ina taratibu zake, na sitaingia ndani sana. Nitasema tu kwamba jengo la FAO lilianza kujengwa ili liwe wizara ya Italia ya kutawala makoloni yake ya Afrika, na mbele yake ulisimama mnara wa Aksum walioupora Ethiopia, mpaka ukabomolewa vipande na kurudishwa kwao 2005. Siku mjumbe fulani atakapokueleza namna Waafrika wanavyopaswa kutunza misitu yao, utajua umesimama wapi.

Angalia pia kalenda. Vikao vya UNFF vya miaka shufwa vimekuwa vya sera na maazimio, vya miaka witiri vya kitaalamu. Ukipewa kuchagua, mwaka wa kitaalamu ni wa kujifunza sura na majina, na wa shufwa ni wa kupeleka aya.

Shida ni kwamba ni nadra mwanafunzi mmoja kuiona miaka yote miwili akiwa bado mwanafunzi. Mjumbe wa Brazili au Uswisi huenda yupo kwenye vikao hivi tangu mwaka 2007, ulipopitishwa mwongozo wa misitu wa Umoja wa Mataifa. Anakumbuka nani alikubali nini. Vijana hubadilika kila mara na kila mara huanza upya, wakiuliza maswali yaliyojibiwa kikao kilichopita. Kwa hiyo ripoti ya kurudi isiwe ya picha. Iwe na aya mliyoipeleka kama ilivyoandikwa, nchi zilizoipinga na maneno ziliyotumia, nani wizarani alipokea kumbukumbu zenu, na wapi iliishia: ilipita, ilipunguzwa, au ilifutwa usiku wa mwisho. Nakala moja ipeleke Dodoma ndani ya wiki mbili, wakati mjumbe naye anaandika ripoti yake na atafurahi kuazima namba za aya. Nyingine mpe mtu wa mwaka wa pili, si wa mwaka wa mwisho, ukae naye aisome ukiwepo. Na barua pepe ya tawi iwe ya tawi, isiwe ya mtu; neno lake la siri likabidhiwe siku ya uchaguzi, pamoja na muhuri.