Jina, Jumba na Ukumbi: Tatizo la Kutafsiri Historia ya Grand Opera House ya Belfast

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo moja la tafsiri: tuliiteje kwa Kiswahili jumba la sanaa za maonyesho lililojengwa Ulaya katika enzi za Malkia Viktoria? Mfano wetu ni Grand Opera House, lililoko katika mtaa wa Great Victoria, jijini Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mfasiri atakayeandika "jumba la opera" atakuwa amelitafsiri jina sawasawa, lakini atakuwa amempotosha msomaji kuhusu kitu chenyewe. Hoja yetu ni kwamba jina, jumba na ukumbi ni virejelewa vitatu tofauti, na kila kimoja kina historia yake.

2.0 Jina

Belfast ilipata hadhi ya jiji mwaka 1888. Jumba hili, lililosanifiwa na Frank Matcham, lilifunguliwa Desemba 1895, na jina lake la awali lilitaja opera pamoja na sarakasi. Mwaka 1904 liliitwa Palace of Varieties, yaani kasri la burudani za aina mbalimbali. Mwaka 1909 likarudishiwa jina la Grand Opera House. Katika miaka ya 1960 hadi mwaka 1972 lilitumika zaidi kama sinema, ingawa hata katika kipindi hicho Luciano Pavarotti aliimba opera humo, mwaka 1963, kabla hajapata umaarufu mkubwa. Ni dhahiri, basi, kwamba neno "opera" katika jina hili linadokeza hadhi kuliko linavyotaja kazi.

3.0 Jumba

Historia ya jumba ni ya kunusurika. Lilifungwa mwaka 1972, wakati wa mapigano ya kisiasa, na likakabiliwa na hatari ya kubomolewa. Mwaka 1974 liliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na baada ya kukarabatiwa likafunguliwa tena mwaka 1980. Mabomu yaliyolipuliwa karibu na Hoteli ya Europa, jirani yake, mwaka 1991 na tena mwaka 1993, yaliliharibu vibaya. Mara zote mbili likatengenezwa. Mwaka 2006 lilipanuliwa, na ukarabati mwingine mkubwa ulikamilika mwaka 2021.

4.0 Ukumbi

Katika nyumba za pwani yetu, ukumbi ni sehemu ya mbele ya kupokelea wageni. Baadaye maana ilipanuka ikahusu chumba kikubwa cha mikutano na maonyesho. Kwa maana hii ya pili, ukumbi ndio uliolipatia jumba hili sifa. Mgeni anayeingia leo huona roshani, vyumba vya pembeni vya watazamaji, na vichwa vya tembo vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Akiinua macho darini huona picha zilizochorwa na Cherith McKinstry kwa ajili ya ufunguzi wa 1980. Kwa hiyo anayeandika kwamba "ukumbi wote ni wa 1895" hufuta kazi ya waliouokoa.

Mapambo ya ukumbi huelezwa kuwa ya mtindo wa Mashariki. Hapa pia pana mtego. Mashariki hii si Afrika Mashariki, wala si nchi mahususi. Ni taswira iliyobuniwa na Ulaya ya wakati wa himaya. Mfasiri hana budi kuonyesha kwamba ni Mashariki ya nani.

5.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina lenyewe libaki kama lilivyo. Pili, istilahi ya jumla iwe "jumba la sanaa za maonyesho", nayo "opera" itumike pale tu mchezo wa kuimbwa unapozungumziwa. Tatu, "jumba" litofautishwe na "ukumbi", na kila sehemu inayoelezwa itajiwe mwaka wake. Bila tofauti hizo, tafsiri huweza kuwa sahihi neno kwa neno, huku historia ya waliojenga, waliolipua na waliotengeneza ikipotea.