Juu ya nini litiumu, sodiumu na potasiumu zinafanana?

Ndugu wanafunzi, wengi wanajibu: "Juu ziko kwenye kolone moja." Hilo si jibu, mwalimu atauliza tena juu ya nini. Tuhesabu elektroni. Litiumu, ile ya mawe ya Manono, iko na 3: 2 ndani, 1 inje. Sodiumu ya chumvi yetu: 2, 8, 1. Potasiumu ya majivu: 2, 8, 8, 1. Kila moja iko na elektroni moja tu ya inje, na inaitoa upesi.

Lakini haziko sawasawa kabisa. Elektroni ya potasiumu iko mbali na kiini, haishikwi sana. Njo maana potasiumu ikiingia ndani ya maji inawaka, litiumu inatoa mapovu tu. Sodiumu ya labo inakaa ndani ya mafuta ya taa. Ikiwaka, musiimwangie maji, moto utazidi! Leteni mchanga mkavu.