Dokezo Halitoshi

Mshauri,

Mimi ni afisa kijana wizarani. Nimo kwenye kamati ya watu wanane inayoandaa msimamo wetu kuhusu suala la nchi jirani. Tunaelewana sana, tunakula pamoja, tunataniana. Wiki iliyopita mwenyekiti alieleza mpango wake na wenzangu wakausifu. Mimi niliona kwamba mpango mzima umesimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyelihakikisha. Nikanyamaza. Mama mmoja wa takwimu naye alikuwa kainamia kalamu yake, hasemi kitu. Usiku nikamwandikia mwenyekiti dokezo, hajanijibu. Alhamisi tunakutana kupitisha. Je, dokezo halitoshi? Sitaki kuonekana mkaidi mbele ya wakubwa.

Afisa, Dodoma

Mwanangu,

Halitoshi. Arthur Schlesinger naye aliandika dokezo. Alikuwa mwanahistoria na msaidizi wa Rais John Kennedy mwaka 1961, wakati Ikulu ya Marekani ikijadili mpango wa shirika lake la ujasusi, CIA, wa kuwapeleka Wakuba wapatao 1,400 waliokuwa uhamishoni wakavamie nchi yao na kumng'oa Fidel Castro. Schlesinger aliuona mpango ule haufai na akamweleza Rais kwa maandishi. Vikaoni alikaa kimya. Robert Kennedy, mdogo wake Rais, alimvuta pembeni akamwambia Rais ameshaamua, asiendelee. Dean Rusk, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa na wasiwasi wake, lakini hakuutoa kwa nguvu. Naibu wake, Chester Bowles, alikaa kwenye kikao kimoja akiwa ameshtuka, asiseme neno, kisha akamwandikia Rusk. Seneta William Fulbright, mgeni aliyealikwa kikaoni tarehe 4 Aprili, ndiye aliyesema waziwazi kwamba jambo lile ni kosa.

Waangalie hao watatu wa ndani. Wote walikuwa na shaka, na shaka zao zilipita kwenye karatasi na kwenye korido, kila moja njia yake. Dokezo lako limemfikia mwenyekiti peke yake. Wale wengine sita wanaendelea kuamini kwamba wewe umekubali, na kukubali kwako kunawazidishia sababu ya kunyamaza.

Kuhusu hilo jambo lisilohakikishwa, sikiliza. Mpango wa mwanzo wa CIA ulikuwa wavamizi watue karibu na mji wa Trinidad, chini ya milima ya Escambray, ili wakishindwa wakimbilie milimani. Baadaye mahali pa kutua pakahamishiwa Ghuba ya Nguruwe. Ile imani ya kukimbilia milimani ikabaki vilevile, ingawa sasa milima ilikuwa umbali wa kilomita zipatazo 130, na kati yake kuna kinamasi kikubwa. Ramani ya kawaida ingeonyesha hivyo. Walitua tarehe 17 Aprili, na baada ya siku tatu hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha: zaidi ya 100 wamekufa, karibu 1,200 wametekwa. Mimi huwafikiria vijana wale kila ninaposikia kikao kizito kimemalizika kabla ya chai.

Mwanasaikolojia Irving Janis alikichambua kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1972. Alieleza jinsi kundi dogo la watu werevu wanaopendana linavyolinda umoja wake hadi likaacha kupima mambo. Wapo waliomkosoa baada ya nyaraka kufunguliwa, wakisema wakuu wa CIA hawakueleza udhaifu wote, na kwamba Kennedy aliogopa lawama za kisiasa kama angeufuta mpango. Nakubaliana nao. Hata hivyo, kilichofichwa mezani hakifichuki mpaka mtu aulize.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Kuba, wengi wa watu walewale walikaa tena mezani. Safari hii Kennedy alitoka kwenye baadhi ya vikao makusudi ili wasaidizi wasimtazame usoni kabla ya kusema. Waligawanyika makundi, kila kundi likaandika pendekezo lake, wakabadilishana karatasi watafutiane matundu. Wazo la siku ya kwanza, kushambulia kwa ndege, likapoa, wakachagua kuzizuia meli baharini. Tarehe 27 Llewellyn Thompson, aliyewahi kuwa balozi Moscow, alimwambia Rais ana kwa ana kwamba hakubaliani naye kuhusu Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti. Kesho yake Khrushchev akatangaza kuyaondoa makombora. Ahadi ya siri kuhusu makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki ilichangia pia, na hiyo waliijua wachache tu.

Najua tulivyolelewa. Kumkatalia mkubwa mbele za watu ni kumvua nguo, na mimi sikutumi ukafanye hivyo. Mwombe mwenyekiti mapema akupe nafasi kabla yeye hajaeleza msimamo wake. Ukipewa, uliza jambo moja tu: "Mheshimiwa, hili tunalolitegemea, nani amelihakikisha, na lini?" Kisha omba swali lako liingie kwenye muhtasari wa kikao. Usiligeuze kuwa kazi yako ya kila Alhamisi. Wakati wa vita vya Vietnam, George Ball wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alimpinga Rais Johnson mara nyingi hadi akazoeleka kuwa ndiye wa kupinga. Alisikilizwa kwa heshima zote, na vita vikaendelea.

Ila kabla ya Alhamisi, mtafute yule mama wa takwimu. Usianze na maoni yako. Muulize alikuwa anawaza nini alipoinamia kalamu.