SOMO LA 18: MAANDISHI YANAYOGEUKA AMRI

Tumekwisha jifunza kwamba programu ni mfululizo wa amri zinazofuatwa na kompyuta. Leo tutaona jinsi maandishi yanavyoweza kugeuzwa kuwa amri wakati programu inaendelea kufanya kazi.

Jaribio la 1
Andika kwenye kadi: 3 + 4. Mpe mwenzako aisome tu. Atasema, “Tatu jumlisha nne.” Kisha mwambie atekeleze yaliyoandikwa. Atasema, “Saba.” Kadi ni ile ile. Je, ni kitu gani kilichobadilika?

Kilichobadilika ni agizo ulilompa. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Katika Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, maandishi hufungwa kwa alama za mtajo. Tazama:

print("3 + 4")
Kompyuta huonyesha: 3 + 4

print(eval("3 + 4"))
Kompyuta huonyesha: 7

Neno print huiagiza kompyuta ionyeshe. Neno eval huiagiza iyachukue maandishi, iyatekeleze na kutoa jibu.

Jina hili ni la zamani kuliko Python. John McCarthy wa Marekani alianza kutunga lugha ya Lisp mwaka 1958. Alieleza eval kwa maandishi tu. Mwenzake, Steve Russell, ndiye aliyeiandika kwa lugha ya mashine ya kompyuta IBM 704, nayo ikafanya kazi.

Jaribio la 2
Wekeni sanduku darasani. Mwanafunzi mmoja atekeleze kila kadi itakayotumbukizwa humo, bila kuuliza imeandikwa na nani. Mwanafunzi mwingine atumbukize kadi isemayo: “Futa ubao wote.” Je, wale ambao hawajamaliza kunakili watapata hasara gani?

Kompyuta inayotumia eval haiulizi aliyeandika ni nani. Programu ikimwomba mtu idadi, naye kwa hila akaandika amri ya kufuta kumbukumbu, eval yaweza kuitekeleza. Kazi ya miaka mingi hupotea mara moja.

Kwa hiyo, tunapohitaji namba kamili tu, hutumia int. int("34") hutoa 34. Lakini int("3 + 4") hukataliwa, na kompyuta huonyesha kwamba kuna kosa.

Kumbuka: Usiipe eval maandishi yaliyotoka kwa mtu usiyemjua.

Maswali
1. Eleza tofauti kati ya kuonyesha maandishi na kuyatekeleza.
2. Kompyuta itaonyesha nini ikipewa print("6 + 2")? Na print(eval("6 + 2")) je?
3. Programu ya duka humwuliza mteja idadi ya madaftari anayotaka. Je, itumie eval au int? Toa sababu.